Maziwa ndani ya sabuni: namna ya kuyatia na namna ya kuyaandika

Mkupuo wangu wa kwanza wa sabuni ya maziwa ulitoka na rangi ya maharagwe, na nyumba nzima ikanuka kama choo cha steji. Nilikuwa nimemwaga kostiki soda ndani ya maziwa ya vuguvugu, yakaungua mbele ya macho yangu kabla sijashika mwiko. Mkupuo wa tatu ulikubali. Nikaukata, nikaufunga kwa karatasi, nikaandika "Sabuni ya maziwa ya mbuzi, asilia, haina kemikali", Jumapili nikaenda kuuza nje ya kanisa. Mama mmoja wa makamo akachukua kipande, akavaa miwani, akasoma polepole. "Mwanangu," akaniuliza, "kama haina kemikali, uliipika kwa maombi?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Usiku huo niliketi na kalamu nikaanza lebo upya.

Ndiyo maana mwongozo huu una kazi mbili. Ya kwanza ni kuyatia maziwa yasiungue. Ya pili, ambayo wengi wetu tunaipita mbio, ni kutoyapakia sifa yasiyo nazo.

Maziwa yanafanya nini hasa

Sabuni ya kipande huzaliwa mafuta yanapokutana na kostiki soda. Vinashikana, na kinachobaki ni sabuni na glisirini. Maji yapo ili kuyeyusha ile soda tu, na mengi yatakauka baadaye. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi; kilichosalia ni mafuta kidogo, protini, na sukari iitwayo laktosi. Ya mbuzi na ya ngamia hayako mbali na hapo.

Sukari ndiyo yenye kazi kubwa. Inaongeza povu. Pia ndiyo inayoungua, kwa sababu kostiki soda na joto huigeuza kuwa ya manjano, kisha ya machungwa, kisha kahawia. Mafuta ya maziwa yanaongeza ulaini kidogo. Protini humenyuka na soda na kutoa ile harufu kama ya mkojo, ambayo hupungua siku zinavyokwenda. Kwa hiyo usitarajie sabuni nyeupe pe. Yenye maziwa ya kweli huwa rangi ya krimu, au kahawia hafifu kama chai iliyotiwa maziwa mengi.

Vitu vya kuandaa

Mizani ya dijitali ni lazima. Kila kitu hupimwa kwa gramu, hata maji na maziwa. Vikombe na vijiko viache kwenye chapati.

Sufuria ndiyo mtego mkubwa wa jikoni kwetu. Sufuria nyingi za Nairobi, zikiwemo zile zinazogongwa Kamukunji, ni za alumini, na kostiki soda hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Tumia stenlesi, au ndoo ya plastiki nzito yenye alama ya pembetatu na namba 5 chini yake. Kijiko cha kukorogea kiwe cha stenlesi au silikoni. Blenda ya mkono itakupunguzia kazi ya nusu saa hadi dakika chache.

Kostiki soda hupatikana katika maduka ya kemikali katikati ya jiji. Uliza iliyo safi, ya vipande vyembamba au punje nyeupe kavu, isiyochanganywa na dawa ya kuzibua sinki. Usichukue magadi. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakijaribu: magadi, ya Ziwa Magadi tunayopikia githeri, ni kabonati ya sodiamu, na haitageuza mafuta yako kuwa sabuni jikoni. Ukifika nyumbani, soda ikae kwenye chombo chake chenye lebo, juu, mahali mtoto hafiki. Usiihamishie kwenye chupa ya soda ya kunywa hata kwa saa moja.

Mafuta ya nazi ya Pwani yanapatikana kwa urahisi. Kwa mawese, soma nyuma ya chupa ya mafuta ya kupikia; mengi yanayouzwa hapa ni ya mawese yaliyosafishwa. Kumbuka kuwa mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo Julai utayakuta mawe kwenye chupa. Hayajaharibika. Yaweke kwenye karai la maji moto.

Maziwa yenyewe: ya pakiti, ya ATM ya mtaani, ya mbuzi kutoka kwa mfugaji, ya ngamia kutoka kwa akina mama wa Eastleigh, yote yanafaa. Mala pia inafaa ukiichuja mabonge. Maji yawe safi na laini. Ya kisima yenye chumvichumvi, kama yanavyotoka mifereji ya mitaa mingi, huacha utando kwenye sabuni. Mimi hununua ya chupa.

Kwa mwili wako: glavu ndefu, miwani ya kinga, nguo ya mikono mirefu, viatu vilivyofunika vidole, dirisha wazi, watoto na paka nje.

Kipimo

Hiki ndicho ninachotumia kwa kilo moja ya mafuta:

Mafuta ya mawese, gramu 400
Mafuta ya nazi, gramu 300
Mafuta ya alizeti, gramu 250
Mafuta ya nyonyo (mbarika), gramu 50
Kostiki soda, gramu 144
Maji baridi, gramu 160
Maziwa, gramu 140
Manukato yanayofaa sabuni, gramu 20, ukipenda

Hesabu yake ni hii, maana siku moja utakosa alizeti na hutaki kubahatisha. Kila aina ya mafuta hula kiasi chake cha soda: gramu moja ya nazi hula 0.183, mawese 0.141, alizeti 0.135, nyonyo 0.128. Zidisha kila moja kwa uzito wake, jumlisha, utapata 151.45. Kisha punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kuguswa na soda isiwe na cha kukuchoma nacho. Unabaki na 144. Ukibadilisha mafuta hata kidogo, rudia hesabu. Ukiongeza nazi ukaacha soda vile vile, mafuta yatabaki mengi na sabuni itakuwa laini. Ukipunguza nazi bila kupunguza soda, utaunguza watu.

Siku ya kupika

Mimi hutumia njia ya kugawa: soda inayeyushwa na maji, maziwa yanaingia upande wa mafuta. Soda inamaliza hasira yake kwenye maji, si kwenye laktosi.

Pima kila kitu kwanza, ukipange mezani. Maji yawe baridi kutoka kwenye friji. Mwaga soda ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Usigeuze kamwe ukamwaga maji juu ya soda, yataruka. Mchanganyiko utapanda joto hadi karibu nyuzi 90 na kutoa mvuke. Geuza uso, usiuvute puani. Uweke kando, salama, hadi upoe kufikia nyuzi 35 hivi. Mimi huketisha chombo ndani ya beseni la maji baridi nikioshea vyombo vingine.

Wakati huo yeyusha nazi, changanya na mafuta mengine, acha yapoe hadi nyuzi 35. Mwaga maziwa baridi ndani ya mafuta, piga kwa blenda sekunde chache. Yatafanana na mchuzi wa nazi uliokatika, usijali.

Sasa mimina maji ya soda polepole, ukikoroga kwa mkono. Kisha blenda: sekunde tano unapiga, sekunde kumi unakoroga kwa mkono huku mashine imezimwa. Angalia jinsi mchanganyiko unavyokuwa mzito. Ukiinua mwiko, matone yakianguka na kuacha alama juu kabla ya kuzama, kama uji mwepesi, umefika. Tia manukato, koroga, mimina. Ukiendelea kupiga hadi iwe ugali, utaichota kwa kijiko kuijaza kwenye fremu, nayo itakauka na mashimo.

Fremu ya mbao iliyotandikwa karatasi ya kuokea inatosha. Boksi la maziwa ya muda mrefu pia hutumika, ila lina utando wa alumini ndani ya kuta zake, kwa hiyo ulikate vizuri na ulitandike karatasi.

Baada ya kumimina, sahau ushauri wa kufunika sabuni kwa blanketi. Huo ni wa sabuni ya maji matupu. Sukari ya maziwa hutengeneza joto lake, na sabuni iliyofunikwa hupasuka katikati, au hupanda na kumwagika kama maziwa yaliyosahaulika jikoni. Iweke ndani ya friji usiku mmoja, mbali na chakula, au sakafuni pa baridi. Mwezi wa saba sakafu ya Nairobi inatosha kabisa.

Toa baada ya saa 24 hadi 48, kata ukiwa bado na glavu. Panga vipande vyenye nafasi kati yake, mahali penye hewa na pasipo jua, kwa wiki nne hadi sita. Wakati wa mvua ndefu vipe wiki moja zaidi, na usishangae ukikuta matone ya jasho juu. Glisirini inavuta unyevu wa hewani. Kabla ya kuuza, lowesha kidole, sugua sabuni, gusa ncha ya ulimi kidogo sana. Ikikupiga kama betri, soda ipo bado. Ikirudia hivyo baada ya wiki sita, ulikosea kupima, usiiuze.

Wapo wanaotaka maziwa matupu bila maji. Inawezekana. Gandisha gramu 300 za maziwa katika vipande vya barafu, viweke kwenye chombo kilichozungukwa na barafu nyingine, kisha nyunyiza soda kijiko kimoja kimoja ukikoroga, bila kuruhusu joto lipite nyuzi 30 na kitu. Inachukua muda mrefu, na stima ikipotea katikati ya kugandisha unarudi mwanzo. Chuja kabla ya kumwaga kwenye mafuta, maana mafuta ya maziwa hugeuka vijibonge vya sabuni na punje za soda hujificha humo. Njia ya tatu ni maziwa ya unga: gramu 18 kwenye gramu 140 za maji, yapigwe vizuri na blenda, yaingie pale ambapo maziwa yangeingia. Sabuni haitajua tofauti. Mnunuzi ana haki ya kujua.

Jambo moja la kukataa moja kwa moja: usitie maziwa kwenye sabuni ya maji ya kunawia, ile ya Ungarol na Ufacid (majina ya dukani ya kemikali za kutoa povu) tunayofundishwa kwenye semina. Haina ukali wa kuzuia bakteria kama kipande kikavu kilivyo, na maziwa yataoza ndani ya chupa. Vivyo hivyo usiyatie mabichi kwenye sabuni ya kuyeyusha na kumimina uliyoinunua ikiwa tayari.

Ukiona madonge na madoa

Nyufa juu maana yake joto lilizidi. Inatumika bila shida. Unga mweupe juu ni soda iliyokutana na hewa. Uparue au uache. Mafuta yakijitenga na kuelea, hukukoroga vya kutosha, na hiyo si ya kuuza. Madoa ya machungwa yanayotokea baada ya miezi ni mafuta yaliyochacha, mara nyingi alizeti iliyokaa sana dukani.

Sasa lebo

Twende kwenye hesabu ambayo ilininyamazisha. Gramu 140 za maziwa zina gramu 18 hivi za kitu kigumu. Kilichobaki ni maji, na hayo yatakauka. Mkupuo wetu ukishakauka una uzito wa kilo 1.3 hivi. Yaani kipande cha gramu 100 kina chini ya gramu moja na nusu ya kilichotoka kwa mbuzi, kama nusu kijiko cha chai cha maziwa ya unga. Ukitumia maziwa matupu unafika karibu gramu tatu. Na hicho kidogo kimepita kwenye kostiki soda: mafuta yake mengi yamekuwa sabuni, protini zimevunjika, sukari imebadilika.

Kwa hiyo viungo ukivipanga kwa uzito, kizito kwanza, orodha yetu inasomeka hivi: mafuta ya mawese, mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, maji, kostiki soda, maziwa ya mbuzi, mafuta ya nyonyo, manukato. Maziwa ni ya sita. Niliyaandika ya kwanza kwa miezi kadhaa, kwa herufi kubwa, na mawese sikuyataja kabisa.

Siku hizi naandika hivi:

Sabuni ya kuogea yenye maziwa ya mbuzi
Viungo: mafuta ya mawese, mafuta ya nazi, mafuta ya alizeti, maji, kostiki soda (imegeuka sabuni pamoja na mafuta), maziwa ya mbuzi, mafuta ya nyonyo, manukato
INA MAZIWA
Uzito: gramu 100
Mkupuo nambari 14

Maneno "yenye maziwa" nimeyachagua makusudi badala ya "ya maziwa". Ni tofauti ya silabi chache na inasema ukweli. Sabuni za viwandani huorodhesha kwa njia nyingine: utaona majina kama sodium palmate, ambayo ni mawese yaliyokwisha kukutana na soda. Njia hiyo nayo ni halali, lakini usichanganye mbili, ukaandika mafuta kama yalivyoingia halafu ukaificha soda kwa kisingizio kwamba imekwisha.

Hapa ndipo ninaposema na wenzangu kwa ukali kidogo. "Haina kemikali" ni uongo. Maji ni kemikali. "Haina kostiki soda" ni uongo mkubwa zaidi, maana bila soda kali hakuna kipande cha sabuni duniani, awe ametengeneza nani. Ukiyeyusha sabuni uliyonunua tayari ukaongeza rangi, hujakwepa soda. Mwenzako alishughulika nayo kiwandani. Andika "imetengenezwa kwa sabuni iliyonunuliwa tayari" na uuze kwa amani.

"Ina asidi ya laktiki, inachuna ngozi iliyokufa" pia inazunguka sana. Ndani ya sabuni asidi hiyo hukutana na soda ikawa chumvi yake, haichuni tena kitu. "pH ya ngozi" (pH ni kipimo cha uasidi) hapana. Sabuni ya kipande hukaa kati ya 9 na 10 na kidogo, maziwa au bila maziwa, wakati ngozi iko karibu na 5. "Inatibu ukurutu, inaondoa chunusi": ukiandika hivyo umeigeuza sabuni kuwa dawa, na dawa zina Bodi ya Famasi na Sumu na masharti yake. Mteja akikuambia mtoto wake alipata nafuu, furahi naye. Usiliandike kwenye karatasi.

Na kuna swali la kila wiki: "Inang'arisha?" Nchini kuna sabuni zilizopigwa marufuku kwa sababu ya zebaki iliyotiwa ili kuchubua ngozi, kwa hiyo jibu langu ni fupi. Inaosha.

Kwa nini maziwa yaandikwe wazi wazi? Kwa sababu kuna watoto wenye mzio wa maziwa, na mama yao anasoma kila pakiti. Kwa nini mafuta yatajwe kwa jina na chanzo? Jijini humu kuna Mwislamu anayetaka kujua kama ni ya nguruwe, na familia za Kihindu za Parklands na Ngara ambazo hazitagusa mafuta ya ng'ombe. Ukitumia mafuta ya mgando kutoka buchani, andika "mafuta ya ng'ombe". "Mafuta asilia" haimjibu yeyote kati yao. Ukichanganya maziwa ya ngamia na ya ng'ombe kwa sababu ya ngamia ni ghali, taja yote mawili kwa mpangilio wa uzito. Ukitumia ya unga, sema ya unga.

Kuhusu uzito, sabuni hupungua ikikauka. Kipande kilichomiminwa kikiwa gramu 113 kitakuwa karibu 100 siku ya kuuza. Pima siku ya kufunga na andika namba hiyo.

Sheria iko upande wa yule mama mwenye miwani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha. Ukitaka kutoka nje ya kanisa na kuingia kwenye rafu za duka, utahitaji alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Ofisi zao kuu ziko Popo Road, karibu na Mombasa Road, na hupokea maombi ya wafanyabiashara wadogo. Nenda na orodha ya viungo iliyo ya kweli, maana sabuni itapimwa.

Kufunga, tumia karatasi au boksi jembamba. Plastiki inazuia unyevu kutoka, na sabuni yenye maziwa hutoka jasho ndani yake.

Mwisho ni daftari. Kwa kila mkupuo andika tarehe, uzito wa kila kitu, maziwa yametoka wapi, chupa ya mafuta ilinunuliwa lini, joto lilikuwa ngapi, sabuni ilipanda au ilitulia. Mwaka jana mteja alinipigia simu akilalamika madoa ya machungwa. Nikamwomba anisomee nambari ya mkupuo, nikafungua daftari, nikakuta alizeti ya chupa iliyokuwa wazi tangu Krismasi. Vipande tisa vya mkupuo ule vilikuwa bado kwenye rafu. Nikavitoa vyote, nikavitumia kufulia matambara, naye nikampelekea kingine.